Mtoto anarusha ndege sebuleni? Mwombe mpango wa safari kwanza

Dakika 40 zimepita. Mtoto amekaa mbele ya kompyuta, amevaa hedifoni, na ndege iliyo kwenye skrini haijasogea hata kidogo. Hapigani na mtu, hakusanyi pointi, hakimbizwi na adui. Anabonyeza swichi moja, anasoma karatasi, kisha anabonyeza nyingine.

Kwa mzazi anayepita sebuleni akitokea jikoni, hilo ni gemu kama magemu mengine. Na kama ni saa nne usiku na kesho kuna shule, jambo la kwanza linalomjia kichwani ni kuchomoa waya ukutani.

Mzazi, usichomoe kwanza. Programu za kuigiza urubani, ambazo vijana huziita simuleta, zina faida ambazo magemu mengi hayana. Zina pia hatari yake, hasa kwa usingizi wa mtoto. Habari njema ni kwamba kanuni za urubani wenyewe zinaweza kukusaidia kumwekea mtoto mipaka bila ugomvi wa kila usiku.

Ni kitu gani hasa?

Simuleta za nyumbani si jambo jipya. Microsoft ilitoa Flight Simulator yake ya kwanza mwaka 1982. Toleo la 2020 na lile la 2024 ndiyo yanayotumiwa na vijana wengi sasa. Ipo pia X-Plane, na ipo FlightGear ambayo ni ya bure.

Programu ya msingi humpa mtoto ndege za kuanzia. Lakini wanaonogewa hutafuta ndege za nyongeza, zinazotengenezwa na kampuni au vikundi vingine kwa undani mkubwa. Hapo ndipo mambo hubadilika.

Katika ndege hizo, karibu kila swichi ya chumba cha marubani inafanya kazi kama ilivyo kwenye ndege halisi. Ukisahau kuwasha pampu ya mafuta, utaona matokeo yake. Ukiingiza uzito usio sahihi, kasi za kurukia zitakuwa za uongo. PMDG ya Marekani inajulikana kwa Boeing 737 yake ya kulipia. Kikundi cha FlyByWire kinatoa Airbus A320neo bila malipo yoyote.

Kwa watoto wetu wa Chanika, ndege si kitu cha kwenye picha tu. Njia kuu ya kurukia na kutua ndege katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere (JNIA) inaitwa 05 upande mmoja na 23 upande wa pili. Namba hizo ni mwelekeo wa dira: takriban nyuzi 50 na nyuzi 230. Ndege inayotua kwenye 05 hutokea kusini-magharibi, yaani upande wetu huu wa Chanika na Pugu.

Ndege hutua ikiukabili upepo. Kwa hiyo upepo ukivuma kutoka kaskazini-mashariki, kama ilivyo majira ya kaskazi, 05 ndiyo njia inayofaa. Mtoto anayezisikia ndege juu ya bati msimu fulani na kuzikosa msimu mwingine anaweza kujieleza sababu yake mwenyewe.

Kizazi hiki pia kimekua na ndege mpya. Air Tanzania ilipokea Boeing 787-8 yake ya kwanza Julai 2018, na mapokezi yakarushwa kwenye televisheni. Waliokuwa chekechea siku hiyo, sasa wako sekondari.

Siku niliyopewa kazi ya rubani msaidizi

Mdogo wangu wa mwisho yuko kidato cha tatu. Tunaishi naye nyumbani kwa wazazi, Chanika. Kompyuta anayotumia alipewa na mjomba, ilishatumika ofisini, ikaongezewa kadi ya picha. Ndege yake ni hiyo A320neo ya bure.

Muhula uliopita alama zake zilishuka. Alikuwa akisinzia darasani, na jioni moja alisinzia kwenye daladala akapitiliza kituo hadi mwisho wa njia. Mama akatangaza kwamba kompyuta itauzwa. Baba akanyamaza, na sisi wengine tunajua kwamba baba akinyamaza, mama ameshinda.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika habari za afya, niliomba nikae naye safari moja kabla ya mnunuzi kutafutwa. Alikubali kwa sharti moja: nisikae kama abiria. Nilipewa karatasi nikaambiwa, "Dada, wewe ni rubani msaidizi. Unasoma, mimi najibu."

Safari ilikuwa Dar es Salaam kwenda Mwanza, kama kilomita 850 kwa mstari ulionyooka. Ndege ilikuwa imezimwa kabisa, giza tupu. Akawasha betri, kisha injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme ndege ikiwa imeegeshwa. Akageuza swichi tatu za mitambo inayoiambia ndege iko wapi na imeelekea wapi, kisha tukasubiri.

Kusubiri huko kuna sababu. Mitambo ile hujipanga kwa kuhisi mzunguko wa dunia, na karibu na ikweta kazi hiyo huisha haraka kuliko katika nchi za mbali kaskazini au kusini. Wakati huo yeye aliandika kwenye kompyuta ya ndege alama za viwanja, HTDA kwa Dar es Salaam na HTMW kwa Mwanza, njia tutakayopita, uzito wa abiria na mafuta.

Kisha ikafika zamu yangu. Nikasoma, "Mafuta?" Yeye hakusema "tayari" wala "ndiyo". Aliangalia skrini, akanitajia kilo zilizoandikwa pale. Nikasoma mstari uliofuata, naye akaangalia tena kabla ya kujibu.

Nilimuuliza kwa nini asiseme tu ndiyo, maana mafuta aliyaweka yeye mwenyewe dakika tano zilizopita. Akanieleza kwamba ukisema ndiyo unajibu unachokumbuka. Ukitaja namba, umelazimika kuangalia.

Orodha iliyotoka angani ikafika Ifakara

Hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza kama mwandishi wa afya na si kama dada mtu.

Orodha hizo za ukaguzi zina historia. Oktoba 30, 1935, ndege mpya ya majaribio ya Boeing, Model 299, ilianguka ilipokuwa ikiruka katika uwanja wa Wright Field, Ohio, Marekani. Injini hazikuwa na tatizo. Kifaa kinachofunga mabapa ya kuongozea ndege ikiwa imeegeshwa kilisahaulika kufunguliwa. Watu wawili walikufa, mmoja wao rubani mzoefu sana.

Baada ya ajali ile, marubani hawakuambiwa tu wawe makini zaidi. Waliandikiwa orodha fupi ya mambo ya kukagua kabla ya kuruka na kabla ya kutua. Ndege ile ile, ikiwa na orodha, iliendelea kutengenezwa kwa maelfu.

Miaka mingi baadaye wazo hilo liliingia chumba cha upasuaji. Mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizindua orodha ya usalama wa upasuaji: jina la mgonjwa, sehemu inayopasuliwa, mzio wa dawa, hesabu ya vitambaa na vifaa kabla mgonjwa hajatolewa.

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, ikiwemo London, Seattle na New Delhi. Mji mmoja kati ya hiyo minane ulikuwa wa kwetu: Ifakara, katika hospitali ya Mtakatifu Francis. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote kwa pamoja, vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Hakuna dawa mpya iliyotumika pale. Watu walisimama, wakasoma kwa sauti, wakajibu kwa kuangalia.

Kwa hiyo mzazi, mtoto anayefanya ukaguzi huo sebuleni anajizoeza tabia inayookoa maisha katika kazi nyingi, iwe uuguzi, ufundi umeme, udereva wa basi au famasi. Hata asipogusa ndege halisi maisha yake yote, tabia hiyo inabaki.

Hesabu anayoifanya kwa hiari

Tulipokuwa futi 34,000 angani aliniuliza swali: tuanze kushuka tukiwa umbali gani kutoka Mwanza?

Kanuni ya mkato ya marubani ni hii: chukua futi unazotakiwa kushuka, zihesabu kwa maelfu, zidisha kwa tatu. Jibu ni maili za baharini. Uwanja wa Mwanza uko karibu futi 3,800 juu ya usawa wa bahari, wakati JNIA uko chini ya futi 200. Kwa hiyo tulikuwa na futi kama 30,000 za kushuka. Thelathini mara tatu ni maili 90. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, hivyo ni kama kilomita 167.

Huyu ni mtoto yule yule anayelalamika kwamba hesabu za shule hazina kazi mtaani. Katika safari moja alifanya uwiano, mwinuko wa nchi, dira, shinikizo la hewa na Kiingereza cha redio. Hali ya hewa aliyoitumia ilikuwa ya siku hiyo hiyo, iliyovutwa kutoka intaneti.

Lakini tusijidanganye. Kuhesabu maili 90 saa tano usiku hakumsaidii mtoto anayelala kwenye kipindi cha Baiolojia saa mbili asubuhi.

Hatari ya kwanza ni usingizi

Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10.

Sasa piga hesabu ya nyumba za huku kwetu. Mtoto anayesoma mbali na Chanika huamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi daladala. Ili apate saa nane tu, ambacho ni kiwango cha chini, lazima awe amelala saa tatu usiku. Na kwa kuwa ubongo hautulii mara tu skrini inapozimwa, injini zinatakiwa ziwe zimezimwa saa mbili na nusu.

Safari ya Mwanza inachukua kama saa moja na dakika 20 angani. Ongeza dakika 40 za maandalizi na robo saa ya kuegesha na kuzima. Hiyo ni zaidi ya saa mbili. Ukiweka na kazi za shule, kuoga na chakula, safari hiyo haiingii katika jioni ya siku ya shule. Hata ukali wa mzazi haubadilishi hesabu hiyo.

Hatari ya pili ni mwili kukaa. WHO inashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazochosha mwili, kama kukimbia, kucheza mpira au kuruka kamba. Kurusha ndege ukiwa umekaa hakuingii kwenye hesabu hiyo.

Ya tatu ni macho. Skrini humfanya mtoto apepese macho mara chache, yakakauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20 aangalie kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Muda wa kucheza nje mchana nao husaidia kupunguza uwezekano wa mtoto kupata tatizo la kutoona mbali.

Ya nne ni masikio. Mlio wa injini kwenye hedifoni unaendelea kwa saa nzima bila kukatika. Sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa.

"Siwezi kusimamisha" si kweli

Hili ni jambo ambalo kila mzazi mwenye rubani nyumbani anatakiwa alijue. Simuleta ina kitufe cha kusimamisha. Mtoto anaweza kuiacha ndege ikining'inia juu ya Singida, akala, akaoga, akarudi ikiwa pale pale.

Baadhi ya ndege za nyongeza zina hata mpangilio wa kujisimamisha zenyewe zinapofika sehemu ya kuanza kushuka. Na wakati wa safari ndefu otopailoti ndiyo inayoongoza ndege, hivyo mtoto hana sababu ya kukodolea macho anga saa nzima. Anaweza kufua soksi zake.

Kusimamisha kunakuwa na uzito pale tu anaporuka kwenye mtandao kama VATSIM, ambako watu halisi wa nchi mbalimbali hujitolea kuwa waongozaji ndege na marubani wengine wanaruka naye kwa wakati mmoja. Hata huko anaruhusiwa kujitoa wakati wowote.

Kuhusu mitandao hiyo, kuna mawili ya kuzingatia. VATSIM inataka mtumiaji awe na umri wa miaka 13 au zaidi. Na wengi walioko huko ni watu wazima asiowafahamu. Mazungumzo yao ya redio ni ya kikazi na ya kustahiana, lakini sheria ya nyumbani ibaki: hakuna kutaja shule, mtaa wala namba ya simu, na hakuna kuhamia kuchati faragha na mtu bila mzazi kujua.

Mpango wa safari wa nyumbani

Hakuna rubani anayeruka bila mpango wa safari. Lazima ajue anatoka wapi, anakwenda wapi, atatumia muda gani na abebe mafuta kiasi gani, pamoja na akiba. Kwa ndege za jeti, akiba ya mwisho ni mafuta ya dakika 30 ambayo hayatakiwi kuguswa kabla ya kutua.

Nyumbani kwetu tulichukua utaratibu huo kama ulivyo. Kompyuta haikuuzwa. Badala yake, mama alimwambia mdogo wangu kwamba kuanzia siku hiyo yeye ndiye mamlaka ya usafiri wa anga ya nyumba ile, na hakuna ndege inayoruka bila karatasi.

Haya ndiyo tuliyokubaliana, nawe unaweza kuyabadilisha yaendane na familia yako.

Kwanza, karatasi kabla ya betri. Mtoto anaandika safari, saa ya kuanza maandalizi, saa ya kutua na saa ya kuzima. Mzazi anasaini. Bila saini, hakuna safari.

Pili, akiba ya dakika 30. Saa ya kuzima iwe nusu saa kabla ya muda wa kulala. Ikitokea kuchelewa kwa sababu ya mvua au kuzunguka angani, anakula akiba yake, hali usingizi wake.

Tatu, safari fupi siku za shule. Dar es Salaam hadi Zanzibar ni kama kilomita 73, na angani ni kama dakika 20. Au afanye mazoezi ya kutua tu, akianzia maili 10 kutoka uwanjani, mara mbili au tatu. Mwanza, Nairobi na Dubai ni za Jumamosi.

Nne, rubani mchovu haruki. Marubani hujikagua kabla ya kazi: je, naumwa, nimetumia dawa, nina msongo, nina usingizi, nimekula? Mwulize mtoto maswali hayo hayo. Akikiri kwamba amechoka, kanuni zake mwenyewe zimemzuia. Wewe hukumzuia.

Tano, usimsumbue wakati wa kuruka na kutua. Katika ndege za abiria, marubani hawaruhusiwi maongezi ya pembeni wakiwa chini ya futi 10,000. Nawe mpe dakika zake 10 za mwisho bila kumtuma dukani. Ukimheshimu hapo, naye ataheshimu saa ya kuzima.

Sita, kurudia maelekezo. Rubani akipewa maelekezo na mnara, huyarudia kwa sauti ili makosa yanaswe mapema. Hili mama amelipenda kuliko yote. Siku hizi akimtuma dukani, mdogo wangu lazima arudie: unga kilo mbili, sabuni ya mche moja, chenji irudi.

Utaratibu huu haukuwa muujiza. Wiki ya tatu alizidisha saa nzima akidai upepo ulibadilika. Ndege ikafungiwa siku nne, kwa kanuni aliyoisaini mwenyewe, na hakukuwa na kelele. Kusinzia kwenye daladala kumekwisha. Alama za shule tunazisubiri.

Gharama usizoziona

Ndege za nyongeza za kulipia nyingi huuzwa kati ya dola 50 na 80. Ukiombwa hela hiyo, jua kwamba zipo za bure zenye ubora wa hali ya juu, na mtoto aanze nazo. Mwonye kuhusu nakala za wizi zinazosambazwa mitandaoni. Mbali na kuwa si halali, ni njia rahisi ya kuingiza virusi kwenye kompyuta ambayo huenda ina nyaraka zako za kazi.

Umeme nao unaliwa. Kompyuta ya mezani yenye kadi nzuri ya picha inaweza kutumia wati 300 hadi 500. Kwa wastani wa wati 400, saa tano ni uniti mbili za LUKU.

Bando ni jambo jingine. Flight Simulator ya 2020 ilihitaji nafasi ya GB 150 kwenye kompyuta, na huendelea kuvuta picha za ardhi kutoka intaneti wakati wa kuruka. Kwa nyumba inayotegemea bando la simu, chagueni programu inayoweza kuruka bila intaneti.

Je, atakuwa rubani?

Huenda. Lakini saa za sebuleni hazihesabiwi. Leseni hutolewa kwa saa za ndege halisi na mitambo ya mafunzo iliyoidhinishwa. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani binafsi huanzia miaka 17 na saa 40 za kuruka, na ya rubani wa biashara huanzia miaka 18. Kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa ya abiria kunahitaji leseni ya ngazi ya juu, miaka 21 na saa 1,500.

Pia sebuleni hakuna mtikisiko, hakuna hofu, na kuna kitufe cha kuanza upya. Mwambie ukweli huo bila kumvunja moyo.

Kuna imani moja ya kuondoa: miwani haimzuii mtu kuwa rubani. Viwango vya kimataifa vinaruhusu miwani, mradi akiivaa aone 6/9 kwa kila jicho na 6/6 kwa macho yote mawili. Jambo la kupima mapema ni uwezo wa kutofautisha rangi, tatizo linalowapata zaidi wavulana. Kipimo chake ni cha dakika chache kwenye kliniki ya macho. Ni afadhali kujua akiwa kidato cha pili kuliko baada ya familia kuuza kiwanja kulipia mafunzo.

Na urubani si kazi pekee ya anga. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ina chuo chake Dar es Salaam kinachofundisha waongozaji ndege. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Mabibo, kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege. Mtoto anayependa mawingu kuliko swichi ana nafasi katika utabiri wa hali ya hewa. Na haya yote ni kwa mabinti kama kwa wavulana, ingawa mara nyingi kompyuta ya nyumbani hukabidhiwa kaka.

Lini uwe na wasiwasi?

WHO inatambua tatizo la uraibu wa magemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake kuu ni tatu: mtoto kushindwa kujizuia kuanza au kuacha, mchezo kuwa mbele ya kila kitu kingine maishani, na kuendelea hata anapoona madhara. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12 au zaidi na imeharibu masomo, familia au urafiki.

Mtoto anayependa sana ndege si mgonjwa. Lakini kama ameacha marafiki, haogi, anadanganya kuhusu muda, au anakuwa mkali kupita kiasi anapozimiwa, usisubiri mwaka uishe. Zungumza na mwalimu wake wa malezi na nasaha, kisha umpeleke kituo cha afya akaonane na mtaalamu wa afya ya akili.

Kwa wengine wote, anza na jambo dogo wiki hii. Vuta kiti, kaa upande wa kulia, omba karatasi ya orodha. Usipojua swichi inafanya nini, uliza. Hakuna mtoto asiyependa kumfundisha mzazi wake kitu. Na mzazi aliyekaa kwenye kiti cha rubani msaidizi akisema muda wa kutua umefika, husikika vizuri zaidi kuliko yule anayepiga kelele akiwa jikoni.